Mashine ya Kasi Moja

Jina lake lote, kama mwenyewe alivyotaka litajwe bila kukatwa kichwa wala mkia, ni Bi Makali, binti Nyundo Moja, mjukuu wa Koleo. Koleo, babu yake, ndiye aliyefua majembe ya watu wa ng'ambo zote mbili za mto, na aliitwa hivyo kwa sababu koleo lake hakumwazima mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Alisema koleo la mhunzi ni kama mswaki. Nyundo Moja, baba yake, ndiye aliyefua bawaba za lango la hospitali. Lango limebadilishwa mara mbili, bawaba ni zilezile. Na yeye Bi Makali ndiye aliyetengeneza kisu cha mpishi mkuu wa hoteli ya stesheni, ambacho mpishi alipostaafu alikigombania na mwajiri wake mpaka kwa wakili, akashinda. Ndiye aliyemtengenezea fundi viatu wa sokoni kile kisu cha kukatia ngozi alichokuwa akikilaza ndani ya soksi, yeye mwenyewe akatembea na mguu mmoja mtupu. Na ndiye aliyeniambia mimi, siku ya tatu baada ya kuolewa na kaka yake, mbele ya wageni walionijia: "Wifi, kisu chako hiki kinafaa kukatia maji."

Miaka thelathini na tisa imepita. Wageni wale wengi wamekufa. Mimi sijasahau.

Nyundo Moja alizaa watoto wawili tu waliokua, Bi Makali na mume wangu. Mume wangu ndiye wa kiume, na ndiye aliyetazamiwa, lakini cheche zilimtia hofu tangu utotoni. Akirukiwa na moja tu alikuwa anakimbilia kwenye pipa la maji. Akasoma, akawa mtunza ghala, akatunza ghala mpaka kustaafu, na mpaka leo watu wanamwita Bwana Stoo. Kazi ikabaki kwa binti. Walikuwapo waliosema mwanamke hashiki nyundo. Nyundo Moja aliwajibu kuwa nyundo haina macho, haijui nani kaishika. Hilo nalisema kwa haki yake, maana mengine nitakayosema hayatampendeza mtu.

Bi Makali hakufua majembe. Dunia ilikuwa imeshaleta majembe ya kiwandani, yamefungwa kumi kumi kwa waya. Yeye alichagua visu. Alinunua misumeno mikuukuu kwa wapasua mbao na springi zilizokatika kwa mafundi wa magari, akazikata, akazichonga kwa tupa, kisha akazitia moto, akazichovya kwenye mafuta, akazioka tena kwa moto mdogo ili zisiwe ngumu za kuvunjika kama kigae. Baada ya hapo alikaa na jiwe na maji, akimalizia makali kwa mkono, siku nzima kwa kisu kimoja. Kazi yote ilifanyika nyumbani kwake, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mkaa, chenye dirisha moja na meza ya mbao nene kama kizingiti. Kila kisu kilichotoka mle kilipigwa nukta tatu karibu na mpini: moja ya Koleo, moja ya Nyundo Moja, moja yake. Alikuwa na msemo mmoja tu wa biashara, nao aliurithi: kazi yetu hairudi. Na kweli, kwa miaka yote niliyomjua sikuona kisu hata kimoja kikirudi kwake ila kuja kupewa mpini mpya.

Hakuolewa. Aliulizwa sababu, akasema wachumba wote waliokuja walikuwa butu. Hakuzaa. Alikuwa na mikono yake.

Na mikono hiyo nilichukia kuiona ikiingia jikoni kwangu. Kila alipokuja kumtembelea kaka yake, kabla hajakaa, alikwenda kwenye ubao wangu wa kukatia, akachukua kisu, akapitisha kidole gumba juu ya makali, kwa kukingamisha, polepole, kama mtu anayesoma barua. Halafu alikiweka chini na kuuliza habari za watoto. Hakusema kitu. Hilo la kutosema ndilo lililoniuma. Mume wangu alikuwa anacheka: "Dada ana macho kwenye vidole." Nami nilikuwa nasema afadhali angekuwa na haya kwenye mdomo.

Sukari ilimwingia akiwa na miaka sitini kasoro. Alipokea kama alivyopokea kila kitu, kwa dharau. Dawa alikunywa akikumbuka. Ikapita miaka minne, mitano, kisha vidole vikaanza kumwaka. Alikuwa anasema ni kama ameshika pilipili ya kusaga, mchana na usiku, anatamani avitie ndani ya mtungi. Mume wangu alimpeleka zahanati, wakampa vidonge na ushauri. Vidonge alivila, ushauri akauacha mlangoni. Hali hiyo ikaenda mwaka mzima na nusu. Wakati huohuo bega la kulia likaanza kukataa. Kuvuta tupa na kusukuma jiwe kwa miaka arobaini si mchezo, bega nalo lina hesabu yake.

Ndipo ikaja kazi ya wauza nyama. Soko jipya lilikuwa linajengwa, na mabucha yote yalikuwa yahamie humo, yawe na vigae na bomba za maji. Mkubwa wao, tunayemwita Bwana Bucha, alimfuata Bi Makali akamwambia wanachama wamekubaliana: siku ya kuhamia, kila bucha iwe na visu viwili vya nukta tatu, jumla visu thelathini na nne, na vile vya dukani vinavyoisha makali kabla ya saa nne vitupwe. Alimpa miezi mitatu. Haikuwa kazi ndogo. Ilikuwa na maana kwamba kila familia ya mji ule italishwa nyama iliyokatwa kwa visu vya ukoo wa Koleo. Bi Makali alijua, na sisi tulijua, kwamba akiitimiza jina lake litabaki hata akifa bila mtoto. Akishindwa, wauza nyama watarudi dukani, na zile nukta tatu zitaishia kwake.

Kwa bega lile, kwa jiwe na maji, visu thelathini na nne visingewezekana. Akakubali, baada ya maneno mengi, kununua mashine ya mkanda, ile yenye msasa mrefu ulioungwa ncha kwa ncha, unaozungushwa na mota juu ya magurudumu, unaegemeza chuma hapo kinaliwa. Siku aliyokubali alikuwa kwetu. Mume wangu akamuuliza, na vile vidole? Akavitazama, akavikunja, akavikunjua.

"Vimepoa," akasema.

Tulifurahi. Mume wangu alisema Mungu mkubwa. Nami nilifurahi, nisiwe mwongo, maana hata mtu usiyempenda humtakii pilipili vidoleni mwaka na nusu.

Wiki hiyohiyo alirudi, akaingia jikoni kwangu kama kawaida yake. Nilikuwa nimenunua kisu kipya, cha dukani, kikali kweli, makusudi kabisa, nimkomeshe. Akakichukua, akapitisha kidole gumba. Akakiweka chini. Akauliza habari za watoto. Nikageukia ubao nikaona damu. Tone moja, halafu la pili, halafu mstari. Kidole gumba kilikuwa kimefunguka kama mdomo, na yeye alikuwa amekiegemeza kwenye meza akinisimulia habari za msumeno aliopata kwa bei nzuri. Uso wake ulikuwa mtulivu. Hakuwa akivumilia, ninamjua mtu anayevumilia. Hakuwa na habari.

Nilichukua kitambaa nikafuta ubao. Yeye akaja kuiona damu kwenye gauni lake baadaye, akakinyonya kidole, akasema, "Kumbe kisu chako safari hii kina adabu." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeelewa jinsi vile vidole vilivyopoa.

Dukani kwa mashine tulikwenda watatu. Mume wangu alikwenda kwa sababu mtunza ghala hawezi kuacha kitu kinunuliwe bila yeye kukagua. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona. Muuza mashine alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kidole cha shahada kifupi kuliko wenzake, alichopunguziwa na mashine alipokuwa fundi, na alikuwa anakionyesha kwa wateja kama cheti. Alituonyesha mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kukaa mezani, mkanda wake upana wa inchi moja. Alisema hiyo ni ya kunolea visu vya watu, si ya kutengenezea. Ukiibana na chuma kinene itasimama ikutazame. Ya pili ilikuwa kubwa, mkanda wa inchi mbili, na nyuma ya mkanda lipo bamba la kuegemezea ili bapa la kisu litoke limenyooka. Mota yake ilikuwa na nguvu, na kasi yake moja tu: ukiwasha inakimbia, ukizima inasimama. Ya tatu ilikuwa mwili uleule wa ya pili, ila ilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kupunguza kasi, na kibomba chembamba juu yake kinachodondosha maji kwenye mkanda.

Mume wangu aliuliza maswali ya stoo. Mikanda yake inapatikana au tutakuwa tunaagiza mpaka tuote mvi? Zinapatikana namba zipi za msasa, zenye chembe kubwa na zile laini za kumalizia? Inakula umeme wa nyumba au inataka fezi tatu, ule wa viwandani? Akaambiwa umeme wa nyumba unatosha, ila iwe na waya wake peke yake, isishirikiane na friji. Mkanda ukikimbilia pembeni, ipo skrubu ya kuurudisha katikati. Mume wangu aliandika yote. Nyuma ya karatasi akachora mashine, akachora na skrubu.

Muuza mashine akamgeukia Bi Makali. Alimwambia kwamba kisu kisichopitia moto ukikichonga kwa kasi hakina neno, hata kikipata joto utakitia moto wako baadaye. Hatari iko kwenye kisu kilichokwisha kutiwa ugumu. Makali ni membamba, joto halina pa kwenda. Likizidi, chuma kinageuka rangi, kinakuwa cha manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu buluu. Kikifika buluu ule ugumu umekwenda na hakuna wa kuurudisha mpaka uanze upya. Kwa hiyo kazi hii haivaliwi glavu. Unashika chuma kwa mkono mtupu, ndoo ya maji iko pembeni, na kisu kikianza kukuuma unakichovya.

"Kipimo ni ncha za vidole, mama," akasema. "Kwa hiyo nauliza bila kukuvunjia heshima, maana na mimi umri unanijia. Vidole vinahisi vizuri? Kama vimechoka, chukua hii ya maji. Inakwenda polepole lakini inakusamehe."

"Hiyo ya maji si mashine, ni bafu la wazee," akasema Bi Makali. Muuza mashine akacheka, lakini akangojea jibu.

"Vilikuwa vinawaka," akasema. "Sasa vimepoa."

Muuza mashine akamwangalia mume wangu, na mume wangu akaitikia kwa kichwa kwa furaha, ndiyo, vimepoa, tumeshukuru. Nani asiyeelewa? Jino likipoa limepona. Homa ikipoa mtu amepona. Hakuna Mswahili aliyewahi kusikia kidonda kimepoa akauliza maana yake nini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na neno lilikuwa limejaa mdomoni mwangu. Ningesema, wifi hasikii kisu kikimkata. Ni sentensi fupi. Nikakumbuka wageni wa siku ya tatu. Nikajiambia, yeye ana macho kwenye vidole, basi na aone.

Wakachukua mashine ya kasi moja.

Ilifungwa kwa bolti kwenye meza ile nene. Mume wangu alivuta waya wake, akatoa pazia la dirisha lisije likashika cheche, akaweka ndoo upande wa kushoto, akabandika ukutani karatasi yake yenye mchoro wa skrubu. Siku ya kwanza Bi Makali aliharibu vipande viwili vya springi kwa kujifunza. Siku ya pili hakuharibu kitu. Alikuwa na akili ya mikono, lazima niseme. Alijua kusimama, viwiko vimebana mbavuni, akisogea kwa kiuno na si kwa mkono, chuma kikipita mbele ya mkanda kutoka mpini mpaka ncha kwa mwendo mmoja bila kusitasita. Kazi ya kutwa ikawa ya nusu saa. Alitabasamu. Alikuwa na miaka sitini na minne na sijawahi kumwona akitabasamu namna ile, meno yote, vumbi la chuma kwenye nyusi.

Alasiri moja nilimpelekea chai, kwa sababu kaka yake alinituma. Mashine ilikuwa inanguruma. Nilisimama mlangoni nikasikia harufu, ya ukucha ulioungua. Alikuwa ameshika kisu kwa mikono miwili, vidole vya kushoto vimekandamiza bapa karibu na ncha, na hakuwa na haraka ya kuchovya. Alichovya alipomaliza mpito, kwa mazoea, maji yakalia chiii. Aliponiona akazima. Vidole vitatu vilikuwa na plasta. Nikamuuliza, akasema plasta zinasaidia kushika, chuma kisiteleze. Nikaweka chai. Makali ya kile kisu yalikuwa na ukanda mwembamba wa buluu, mzuri, kama uzi wa hariri. Akabadilisha mkanda, akatia ule laini wa kumalizia, akapitisha kisu mara mbili, na buluu ikaondoka. Rangi inaondoka. Ugonjwa unabaki ndani.

Alikivuta karibu na miwani yake yenye vumbi, akaridhika, akakipiga nukta tatu.

Visu vilitimia wiki mbili kabla ya siku. Thelathini na nne, vimepangwa kwenye kitambaa cheupe, mipini ya mbao nyeusi. Bwana Bucha alipokuja kuvichukua alivua kofia. Siku ya kufungua soko Bi Makali alipewa kiti cha mbele, karibu na wakubwa, na mimi nilikaa nyuma yake nikatazama shingo yake ilivyonyooka. Kila mtu alimpa mkono. Alipeana mikono kwa kuwatazama watu machoni, na nadhani mimi tu niliyegundua kwamba hakujua aachie mkono lini. Aliendelea kushika mpaka mwenzake avute.

Kwanza yalikuja maneno, kisu kikafuata. Mnajua kunoa ni kutia makali, lakini siku hizi mtu akikosea jibu vijana wanamwambia umenoa. Sasa fikiria mzaha huo ukiingia sokoni kwa wauza nyama. Mmoja alikuwa anakata paja la ng'ombe, saa mbili asubuhi, kisu kikakataa. Akakigeuza akaona makali yamelala upande kama jani. Akapiga kelele kwa jirani yake: "Safari hii Bi Makali amenoa." Soko zima likacheka. Kufika mwisho wa wiki ilikuwa ndiyo salamu yao. Muuza maziwa aliniambia mimi akidhani ni habari ya kufurahisha. Nikajaribu kufurahi. Haikuwezekana, na sikuelewa kwa nini, maana nilikuwa nimeingojea miaka thelathini na tisa.

Bwana Bucha ndiye aliyekuja, siku ya mapumziko, kisu kimefungwa gazeti. Alimkuta Bi Makali nyumbani kwake, na sisi tulikuwapo, mume wangu na mimi, tumekuja kumwona. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alizunguka sana: habari za soko, habari za bomba za maji, habari za afya. Mwisho akafungua gazeti.

"Mama, labda ni sisi hatujui kuvitunza," akasema. "Labda mimi sijui kunoa. Nimeona nikuulize wewe kabla sijamsikiliza mtu mwingine."

Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha soko zima.

Bi Makali alikichukua kisu. Alikwenda chumba cha nyuma, sote tukamfuata. Akakibana kisu mezani, makali juu, akachukua tupa. Hicho ndicho kipimo cha ukoo wao. Hata mume wangu aliyekimbia cheche anakijua. Ukiweka tupa juu ya makali yaliyo mazima, inateleza na kulia kama kwenye kioo. Ukiiweka juu ya chuma kilichokufa, inauma.

Karibu na mpini ikateleza. Akasogea. Katikati ikauma. Sauti yake ni ya kukwaruza, ya chini, kama mtu anayesafisha koo. Kuelekea ncha ikauma zaidi, unga mweusi ukadondoka juu ya meza. Alirudia mara tatu. Mara ya nne aliweka tupa chini, akakaa kwenye kigoda.

Mume wangu akaanza. Mashine hii ni mbovu, alisema, tumeuziwa takataka, kesho anairudisha kwa yule mwenye kidole nusu, atamweleza mbele ya wateja wake, na huenda hata misumeno yenyewe ilikuwa chuma bandia, siku hizi kila kitu ni bandia. Aliendelea hivyo, akizunguka meza, akigusa bolti moja moja. Bwana Bucha akamuunga mkono kwa haraka, akashukuru kupata wa kulaumiwa asiyekuwapo. Ndiyo, mashine, bila shaka ni mashine.

"Si mashine," akasema Bi Makali.

Akanyoosha mikono, akaigeuza, akaanza kubandua plasta moja baada ya nyingine. Chini yake ncha za vidole zilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, mengine mapya, moja jeusi pembezoni mwa ukucha. Mume wangu akarudi nyuma akajigonga mlangoni.

"Dada, si ulisema vimepona?"

"Sikusema vimepona. Nilisema vimepoa. Ninyi ndio mliosikia vimepona." Akabandua plasta ya mwisho. "Nilijua mtasikia hivyo. Vimekufa, kaka. Tangu kabla ya mashine. Ningesema, mngeninunulia lile bafu, na kila mtu angejua."

Bwana Bucha alitazama sakafu. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba haina haja ya kuyakuza, wanachama ni watu wazima, watavitumia kwa kazi ndogondogo, nyama laini, maini, na yeye mwenyewe atawaambia ni hitilafu ya umeme. Mume wangu akasema hilo ni wazo zuri. Wakawa wanakubaliana, wanaume wawili, jinsi watakavyolisema, nani aanze. Bi Makali aliwaacha mpaka wakamaliza. Aliwashukuru. Akamsindikiza Bwana Bucha mpaka mlango wa mbele, akamwambia kaka yake amfikishe barabarani.

Tukabaki wawili. Nilidhani atalia, nikawa natafuta pa kutazama. Akachukua tupa mezani, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Wewe uliiona ile damu," akasema. "Jikoni kwako. Ulifuta ubao ukanyamaza. Na dukani ulikuwa umesimama palepale."

Sikukana.

"Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningenyamaza. Nimekutukana miaka mingi." Akanipa tupa, upande wa mpini. "Kaka ananipenda, atakwenda kuwadanganya. Yule bwana ananiheshimu, naye atawadanganya. Wewe hunipendi, wifi, wala huniheshimu. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Akafungua droo akatoa nyundo ndogo na patasi, akaviweka juu ya gazeti alilokuja nalo Bwana Bucha, akaanza kufunga. Vidole havikuweza kupata ncha ya kamba, nikaishika mimi.

"Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kukata. Bucha zote kumi na saba, visu vyote thelathini na nne, na hiki hapa kimo katika hesabu. Weka tupa kwenye makali mbele ya mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Pima sehemu tatu, usipime karibu na mpini tu. Ikiteleza kote, mwachie kisu chake. Ikiuma, laza patasi juu ya zile nukta, piga mpaka zisisomeke, ndipo umrudishie. Akitaka fedha yake, ataipata, lakini hilo ni langu, wewe usijibu. Usiseme mashine. Usiseme umeme. Usiseme mgonjwa, nikisikia umesema mgonjwa usikanyage kwangu tena. Sema, Bi Makali alijua vidole vyake vimekufa, akaendelea. Basi. Usiongeze."

Nikamuuliza, na wakicheka?

"Subiri wamalize," akasema. "Halafu nenda bucha inayofuata."